Jamu haigandi, biskuti zinatawanyika: zawadi za sikukuu kwa familia 18

MamaWawili

Habari zenu wapishi. Zimebaki wiki tatu kufika sikukuu na safari hii zawadi za ndugu na majirani zitatoka jikoni, si dukani. Familia ni 18. Kila moja ipate chupa ya jamu ya mililita 200, biskuti 12 na kitu kidogo kilichotengenezwa na watoto (wana miaka 6 na 9). Nafikiria pia kuongeza kichupa cha mafuta ya kula yaliyotiwa vitunguu saumu na pilipili nzima, maana yanapendeza machoni.

Majaribio ya kwanza yameharibika yote mawili, kwa hiyo naweka vipimo vyangu hapa mnikosoe.

Jamu: nanasi lililomenywa kilo 1, sukari gramu 600, sikutia limau. Ilichemka dakika 50 kwa moto wa wastani. Mpaka leo inamiminika kama asali nyepesi, na rangi imekuwa ya kahawia.

Biskuti: siagi gramu 250 iliyolainika kabisa, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 300, yai 1, magadi soda kijiko kidogo kimoja. Oveni nyuzi 180. Zilitawanyika zikashikana trei nzima. Zilipotoka zilikuwa kavu pembeni, siku ya tatu zikawa laini kama keki.

Ninayo mizani na kipima joto cha sukari. Hapa tulipo ni mwinuko wa mita 1,600 hivi. Nimekosea wapi, na nipike nini lini ili siku ya kugawa kila kitu kiwe bado kizuri?

---

FundiJamu

Mama Wawili, nianze na jamu kwa sababu ndiyo inayotakiwa kupikwa mapema.

Jamu inaganda kwa vitu vitatu vikikutana kwa kiasi chake: pektini (kile kitu cha asili ndani ya tunda kinachogandisha), asidi na sukari. Nanasi lina pektini kidogo sana. Wewe ukaliacha bila limau, ukalichemsha polepole kwa dakika 50. Moto wa muda mrefu unaivunja hata ile pektini kidogo iliyokuwepo, na sukari inaanza kuungua, ndiyo maana ya ile rangi ya kahawia. Hiyo ya kwanza usihangaike kuirudisha motoni, haitaganda tena vizuri. Ichuje uitumie kama sharubati ya kuchanganyia vinywaji au kulainishia keki.

Ukitaka kubaki na nanasi: nanasi gramu 700, tofaa (epo) ambalo halijaiva sana gramu 300, maji ya limau vijiko vikubwa 4, sukari gramu 800. Maganda na mbegu za tofaa zifunge kwenye kitambaa chepesi, chemsha pamoja na matunda na maji kikombe kimoja mpaka matunda yalainike, kisha kamua kitambaa vizuri. Ule ute mzito unaotoka ndio pektini yenyewe. Baada ya hapo tia sukari na limau, moto mkali, na usizidishe dakika 20.

Lakini kwa chupa 18 na muda ulio nao, ningekushauri uhamie kwenye machungwa. Ganda jeupe la ndani na mbegu za machungwa na malimau vimejaa pektini, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na tunda lenyewe.

Kwa sufuria moja: machungwa kilo 1, malimau 3, maji lita 2, sukari kilo 1 na nusu. Osha matunda kwa brashi na maji ya moto ili kuondoa nta na vumbi. Kamua maji yote, weka kando. Mbegu na nyama nyeupe inayobaki ndani ya vikombe vya machungwa funga kwenye kitambaa. Maganda yakate nyuzi za milimita 2 hadi 3. Maji ya matunda, maganda, kifuko na lita 2 za maji viende vyote kwenye sufuria na vilale humo usiku kucha. Usiku huo unapunguza muda wa kuchemsha kesho yake na unavuta pektini kutoka kwenye kifuko.

Asubuhi chemsha taratibu, kifuniko kikiwa nusu wazi, saa moja na nusu hadi mbili. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulikosea: ganda lazima liwe laini kabisa KABLA ya sukari kuingia. Chukua kipande kimoja, kiache kipoe, kibonyeze kati ya vidole. Kikipondeka bila kukataa, endelea. Kikiwa na ukinzani hata kidogo, ongeza dakika 15. Sukari ikishaingia ganda halilainiki tena hata ukichemsha mpaka jioni, na utakuwa na jamu yenye vipande vigumu kama ngozi.

Toa kifuko, kikamue kwa nguvu kati ya vijiko viwili. Mimina sukari, punguza moto, koroga mpaka usisikie tena chembe zikikwaruza chini. Punje zisizoyeyuka ndizo zinazofanya jamu igeuke ya mchanga baada ya wiki kadhaa. Zikishayeyuka, fungua moto hadi mwisho. Sufuria iwe pana na isijae zaidi ya theluthi moja, kwa sababu povu linapanda.

Kuhusu kipima joto: vitabu vingi husema nyuzi 104 hadi 105. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Kila mita 300 za kupanda, maji yanachemka kwa karibu nyuzi 1 chini zaidi. Kwako wewe maji yanachemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo ukisubiri 105 utapata gundi. Njia ya uhakika: chemsha maji matupu, tumbukiza kipima joto, soma namba, kisha ongeza 4 hadi 5. Hilo ndilo lengo lako, na hapohapo umesahihisha kosa la kipima joto chenyewe kama kinalo. Kwako itaangukia 99 au 100.

Halafu hakikisha kwa sahani. Weka visahani vitatu kwenye friza tangu mwanzo. Ukikaribia lile joto, ZIMA moto (usiache jamu iendelee kuchemka huku unajaribu), dondosha kijiko kidogo kwenye kisahani, subiri dakika moja, sukuma kwa kidole. Uso ukikunjamana, imefika. Ukiteleza kama maji, rudisha motoni dakika 3 ujaribu tena.

Ikishafika iache itulie dakika 10 kabla ya kujaza. Ukijaza papo hapo maganda yote yataelea juu na nusu ya chini itabaki tupu, na kwa zawadi hilo linaonekana kwenye kioo.

Sufuria moja inatoa takriban chupa 9 za mililita 200. Usijaribu kuzidisha vipimo mara mbili kwenye sufuria moja. Maji yatachelewa kukauka, utachemsha muda mrefu, na utarudi kwenye kosa la nanasi. Pika mara mbili, na ya tatu nusu yake, upate za kuonja na moja au mbili za akiba. Na usiihukumu jamu siku hiyohiyo. Ya machungwa huendelea kukaza kwa saa 24 hadi 48.

---

SiagiNaUnga

Mimi nachukua biskuti.

Vipimo vyako vina kasoro nne zinazosukuma upande mmoja. Sukari sawa na siagi ni nyingi mno kwa unga gramu 300. Ndani ya oveni sukari inageuka kimiminika, kwa hiyo kila gramu ya ziada ni kama umeongeza maji. Siagi iliyolainika kabisa inayeyuka kabla unga haujapata nafasi ya kushika. Yai linaongeza maji. Na magadi soda kijiko kizima ni mengi: yanadhoofisha unga usishikane, na yanaharakisha wekundu, ndiyo maana pembeni zilikauka kabla ya katikati.

Kwa zawadi tumia biskuti za siagi za kipimo cha 1, 2, 3: sehemu moja sukari, mbili siagi, tatu unga, kwa uzito. Yaani sukari laini gramu 100, siagi gramu 200, unga gramu 300, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Hakuna yai, hakuna magadi, hakuna maziwa. Maji yakiwa kidogo, biskuti inakaa muda mrefu bila kulainika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. Siagi iwe siagi kweli. Ile ya kopo ya kupaka mkate huwa imetiwa maji mengi. Soma kibandiko, mafuta yakiwa chini ya asilimia 80 iache.

Siagi iwe baridi lakini inayokubali kidole kuacha alama. Ipige na sukari mpaka vichanganyike tu. Usiipige hadi iwe nyeupe na nyepesi kama ya keki, maana hewa hiyo nayo inafanya biskuti zivimbe kisha zilale. Tia unga na chumvi, changanya kwa ncha za vidole mpaka ushikane, kisha acha. Ukiukanda kama wa mkate unapata biskuti ngumu.

Viringisha uwe mti wa unene wa sentimita 5, ufunge kwenye karatasi, friji saa 2. Kata vipande vya milimita 7. Hapo mti mmoja unakupa kama 36. Wewe unahitaji 216, kwa hiyo miti 6 ni sawasawa kabisa na hakuna nafasi ya kuvunjika hata moja. Fanya 7.

Oveni nyuzi 165, dakika 18 hadi 22, trei moja kwa wakati kama oveni yako haina feni. Ziko tayari pembeni zikianza rangi ya dhahabu na katikati pakiwa bado pamepauka lakini pamekauka. Trei iwe baridi kila mzunguko. Ukipanga unga kwenye trei iliyotoka motoni, siagi inayeyuka kabla hata hujafunga mlango wa oveni.

Kuhusu kulainika siku ya tatu: karibu kila mara ni mvuke. Biskuti ikiwa na uvuguvugu tu ukaifungia, mvuke wake unarudi ndani. Ziache kwenye waya saa nzima, ziwe baridi hadi katikati, ndipo zifungwe. Na usiziweke chombo kimoja na keki, mkate au kitu chochote laini. Unyevu unahama kutoka kwenye laini kwenda kwenye kavu, na mwisho vyote viwili vinaharibika. Zikilainika hata hivyo, zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 5 hadi 7, zipoze tena. Zinarudi.

Mpango: tengeneza miti yote wiki hii, ifunge vizuri, iweke friza. Inakaa miezi 2 bila tatizo. Siku 4 kabla ya kugawa, itoe ikae dakika 10 tu ili kisu kipite, kata, oka ikiwa bado ya baridi na ongeza dakika 2. Unga wa baridi hautawanyiki kirahisi, kwa hiyo friza inakusaidia mara mbili.

---

MkateMoto

Naongeza kidogo kwenye jamu. Ukishajaza chupa na kufunga, igeuze kichwa chini dakika tano. Joto linaua kila kitu kwenye kifuniko na chupa inajifunga yenyewe. Huhitaji kuchemsha tena.

Na kama oveni yako inasumbua, usilazimishe biskuti zilizookwa. Kuna zawadi ya mchanganyiko mkavu kwenye mtungi wa kioo wa lita 1, anayepokea anaoka mwenyewe. Panga kwa tabaka, kuanzia chini: unga gramu 200 uliochanganywa na magadi soda nusu ya kijiko kidogo na chumvi robo ya kijiko kidogo, kisha sukari nyeupe gramu 100, sukari ya kahawia gramu 100 (ibonyeze kwa kitako cha glasi ili tabaka lisimame), shayiri bapa za uji gramu 90, na juu vipande vya chokoleti gramu 120. Kila tabaka libonyezwe la sivyo havitaenea, na ikitikiswa njiani mistari inavurugika. Pakibaki nafasi juu, jaza kwa chokoleti.

Kwenye kadi andika: siagi laini gramu 120, yai 1, vanila kijiko kidogo 1; changanya na vyote vilivyomo, tengeneza madonge ya ukubwa wa jozi (walnut), nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Sukari ya kahawia iwe kavu kiasi. Ikiwa na unyevu mwingi inagandisha tabaka la unga, na magadi yanaanza kufanya kazi kabla ya wakati.

---

FundiJamu

Mkate Moto, kwa hili la kugeuza chupa sikubaliani nawe, na naliandika wazi kwa sababu chupa hizi zinakwenda kwa watu wengine. Kugeuza kunafanya jamu ishike kwenye mdomo wa chupa na kwenye mpira wa kifuniko. Kifuniko kinaweza kuonekana kimebonyea kumbe mshiko wake ni dhaifu, ukachia baada ya wiki mbili kabatini na ukungu ukaingia. Joto lenyewe nalo halitabiriki, chupa ndogo inapoa haraka mno.

Njia salama ni hii. Osha chupa, zichemshe dakika 10 ndani ya maji, zibaki humo humo zikiwa moto. Chupa baridi ikipokea jamu ya moto inapasuka, tena mara nyingi kitako kinatoka kizima. Zitoe moja moja, ziweke juu ya ubao au taulo, si juu ya marumaru wala chuma. Jaza ukiacha milimita 6 juu. Pitisha kijiti safi pembeni kutoa mapovu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya moto. Tone moja la jamu pale linatosha kuharibu mshiko. Funga kwa nguvu ya vidole, si ya mkono mzima, kwa sababu hewa inahitaji njia ya kutokea.

Kisha zirudishe ndani ya sufuria yenye kitambaa chini, maji yazifunike kwa sentimita 2 na nusu juu ya vifuniko, yachemke kwa nguvu dakika 10. Walio juu ya mita 1,800 wachemshe dakika 15. Zitoe zikiwa wima, ziache saa 12 hadi 24 bila kuzigusa. Utasikia vifuniko vikilia "tik" kimoja kimoja. Kesho yake bonyeza katikati ya kila kifuniko: kikiwa kimelala na hakichezi, chupa hiyo inafaa kuwa zawadi. Kinachoruka juu na chini, chupa yake iende friji, iliwe nyumbani.

Mchanganyiko wako wa mtungi ni mzuri, huo nauunga mkono.

---

JikoSafi

Nimeona watu wamepita ile habari ya mafuta yenye vitunguu saumu. Tafadhali Mama Wawili, hicho kiondoe kabisa kwenye orodha.

Vitunguu saumu hukua ardhini na vinaweza kubeba vijimbegu vya bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Bakteria huyo anakua pasipo hewa, pasipo asidi ya kutosha (pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa zaidi ya 4.6), kwenye joto la kawaida la chumba. Chupa ya mafuta yenye kitunguu saumu kibichi ni hayo yote matatu kwa pamoja: mafuta yanazuia hewa, kitunguu hakina asidi, na chupa inakaa mezani kama pambo. Sumu yake haibadilishi rangi, harufu wala ladha, na inaweza kuua. Pilipili mbichi na majani mabichi ya viungo ndani ya mafuta yana hatari hiyohiyo. Mafuta ya namna hii ukiyatengeneza nyumbani, yakae friji na yaishe ndani ya siku 4. Kitu cha siku 4 hakiwi zawadi.

Jamu haina tatizo hilo kwa sababu ina asidi na sukari nyingi. Ndiyo maana pia usipunguze limau kwenye vipimo ulivyopewa kwa kuona ni kali.

Badala ya mafuta weka chumvi ya viungo, inapendeza vilevile kwenye kichupa: chumvi ya mawe gramu 250, pilipili kavu iliyopondwa kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu cha unga kijiko kikubwa 1, ganda la juu la malimau 2 lililokwaruzwa na kukaushwa oveni nyuzi 80 kwa dakika 30 mpaka livunjike kwa vidole. Kila kitu kiwe kikavu kabisa, la sivyo chumvi itashikana kuwa jiwe. Na hayo maganda ya limau unayo tayari kutoka kwenye jamu, ila yakwaruze kabla ya kukamua na chukua ile rangi ya juu tu. Weupe wa ndani uende kwenye kifuko cha jamu.

Jambo la pili ni kibandiko. Kila kifurushi kiseme kuna nini ndani: ngano, maziwa, mayai, karanga au jozi kama zipo. Mtu mwenye mzio hawezi kuuliza zawadi ikishafika mezani. Andika tarehe ya kutengenezwa, na kwa jamu andika "ikifunguliwa iwekwe friji". Ukiona ukungu kwenye jamu, chupa yote itupwe. Kuchota sehemu ya juu na kula iliyobaki si salama.

---

KaratasiNaUtepe

Kwa watoto, fanyeni vibandiko vya unga wa chumvi. Vinafungwa shingoni mwa chupa kama jina la familia, na baadaye wanaopokea wanavitundika kama pambo. Hapo kazi ya watoto inakuwa sehemu ya zawadi, si karatasi ya ziada inayopotea.

Unga vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji robo tatu ya kikombe kwanza halafu ongeza kijiko kimoja kimoja. Ukandwe dakika 8 hadi 10. Ukiacha mapema utapata nyufa. Mtoto wa miaka 6 anaweza kukanda na kukata kwa mdomo wa kikombe. Wa miaka 9 anaweza kugandamiza herufi kwa kijiti. Unene milimita 5 kila mahali. Weka vijiti viwili vya unene huo pande mbili za unga na usukume kifimbo juu yake, hapo hata mtoto anapata unene sawa. Toboa tundu kwa mrija kabla ya kuoka, sentimita 1 kutoka ukingoni. Karibu zaidi ya hapo panavunjika.

Oveni nyuzi 100, saa 2 hadi 3, vigeuzwe katikati ya muda. Vikivimba kama chapati, joto limezidi. Vikijikunja, upande mmoja umekauka haraka kuliko mwingine, vigeuze mapema. Viko tayari vikigongwa vinatoa sauti kavu.

Rangi ipakwe vikishapoa, kisha vanishi PANDE ZOTE na ndani ya tundu. Chumvi inavuta unyevu wa hewa. Ukipaka mbele tu, nyuma panabaki mdomo wazi, na mahali penye unyevu kibandiko kinalainika ndani ya wiki chache. Viwekwe mbali na mbwa na watoto wadogo. Kiasi hicho cha chumvi ni sumu kwao kikiliwa.

---

MamaWawili

Nawashukuru sana, mafuta nimeyafuta. Naomba mnimalizie mambo mawili. Nina chupa nyingi za zamani zilizokuwa na achari, naweza kuzitumia? Na vifurushi sita vitasafiri kwa basi siku mbili, hivi navipangaje?

---

FundiJamu

Chupa ndiyo, vifuniko hapana. Pitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa, yenye kibanzi hata kidogo iache. Vifuniko vya achari vinabaki na harufu ya siki ndani ya ule mpira, na jamu itaichukua. Isitoshe mpira ulishabonyea mara moja, hauna uhakika wa kushika tena. Nunua vifuniko vipya vya kipimo cha mdomo wa chupa zako, na ujaribu kimoja kwa maji kabla ya siku ya kupika: jaza, funga, pindua. Kikivuja tone, kipimo si chenyewe.

Na kwa kuwa zinasafiri, pika jamu ndani ya wiki hii. Unahitaji siku za kutosha kuona chupa ipi imeachia kifuniko kabla haijaondoka nyumbani.

---

SiagiNaUnga

Za basi zipange kwenye kopo gumu, si mfuko. Biskuti zisimame kwa ukingo kama sarafu zilizopangwa kwenye mrija, zimebanana. Zikilala bapa, ile ya chini inabeba zote na kila tuta barabarani linazivunja. Kati ya safu weka karatasi ya kuokea iliyokunjwa, juu kabisa jaza karatasi mpaka kopo likitikiswa lisisikike kitu.

Chupa ya jamu iwe kwenye mfuko wake wa plastiki uliofungwa, kisha gazeti tabaka tatu, isimame wima katikati ya boksi, umbali wa vidole vitatu kutoka kila upande. Kichupa cha chumvi kikae upande wa pili. Vioo viwili visigusane. Kibandiko cha unga wa chumvi usikifunge shingoni mwa chupa kwa safari hiyo, kitavunjika. Kifunge kwenye kadibodi, kilale juu kabisa, na ukate kipande cha utepe uache ndani ili wakivalishe wenyewe wakifika.

Kwa vifurushi hivyo sita vya basi, oka siku moja kabla ya basi kuondoka, usioke siku nne kabla. Vile vifurushi 12 vinavyobaki vifuate ratiba ya kawaida.